Maneno ya Kaizari kwa Apolena Mwoka Mikate

Mwaka ambao Kaizari alikalia kiti cha enzi, kijana asiye na ndevu wala mashaka, ndio mwaka Apolena aliozaliwa Jalovany, mji mdogo wa Moravia, katika chumba kilichokuwa nyuma ya tanuri la mkate. Watu wa mji walipenda kusema kwamba hao wawili walianza kazi pamoja: mmoja kutawala, mwingine kulia. Shuleni, picha ya Kaizari ilitundikwa juu ya ubao, na kila ilipochakaa ililetwa mpya kutoka Vienna. Kwa hiyo watoto wa Jalovany walimwona akiota masharubu, wakayaona masharubu yakitanda mpaka mashavuni, kisha wakaona kipara kinampanda polepole. Apolena alimzoea kama unavyomzoea mjomba wa mbali ambaye haji harusini wala msibani, lakini jina lake halitoki midomoni mwa watu.

Baba yake, mzee Florian, alimpigania Kaizari katika ile vita aliyoshindwa na Waprusi. Alirudi na mguu mmoja na medali moja. Majirani walipompa pole, alijibu, "Medali haiumi wakati wa baridi." Wala hakuitoa picha ya Kaizari ukutani. Alisema mtu aliyekula mguu wako si mtu wa kusahaulika.

Mzee alipofariki, Apolena alirithi tanuri, na ulimi wa baba yake pia. Alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye mikono ya kukandia unga na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Aliolewa na Vavrinec Kubata, fundi magurudumu, mwanamume mkimya kupita kiasi. Watu walisema hana maneno kwa sababu pumzi yake yote huiweka akiba. Vavrinec ndiye aliyekuwa akipiga lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi ya wazima moto wa Jalovany, lile la kuvaliwa begani kama nyoka aliyemeza ng'ombe. Nyumbani alikuwa kama paka. Akishika tarumbeta, vioo vya madirisha vilitetemeka.

Basi mwaka mmoja, Apolena akiwa na watoto watatu, wa kwanza Rozalie, na mimba ya wa nne, ilifika habari kwamba Kaizari atapita kwa garimoshi akienda kuyatazama majeshi yake mazoezini, na kwamba garimoshi litasimama Jalovany kunywa maji. Si Kaizari atakayesimama, ni garimoshi, lakini Meya Hostinek hakuona tofauti. Alitunga hotuba ndefu. Alipaka chokaa mabanda ya nguruwe yaliyotazamana na reli. Akapiga marufuku mabata bukini kutoka nje siku hiyo, kwa kuwa bata bukini hajui huyu ni Kaizari na huyu ni mwuza vyungu, wote atawauma.

Mkewe meya ndiye aliyepangiwa kumpokea mgeni kwa mkate na chumvi. Alishonewa gauni la hariri. Asubuhi ya siku yenyewe jino likamgeuka, shavu likavimba mpaka jicho likafumba.

"Haiwezekani," alisema meya akimtazama mkewe, kisha saa yake, kisha tena mkewe. "Kaizari akiona hivi atadhani nakupiga."

"Mwite aliyeoka mkate aubebe mwenyewe," mkewe alisema kwa upande mmoja wa mdomo.

Ndivyo Apolena alivyojikuta stesheni na aproni yake, unga bado kwenye viwiko, ameshika mkate wenyewe na kibakuli cha chumvi. Bendi ilikuwa imejipanga nyuma yake. Waliagizwa waanze wimbo wa taifa pale tu meya atakapovua kofia.

Garimoshi likaja, likakoroma, likasimama. Mlango ukafunguliwa, na kwa mshangao wa wote, hasa wa wale maofisa waliomfuata mbio, mzee mwenyewe akashuka kunyoosha miguu. Akamwendea Apolena moja kwa moja. Akamega mkate, akachovya kwenye chumvi, akatafuna. Akamtazama. Kisha masharubu yakaanza kupanda na kushuka.

Sasa, jua la siku ile lilikuwa kali, na Meya Hostinek alikuwa na kitambaa cha jasho ndani ya kofia yake. Akaivua ili akitoe.

Vavrinec alikuwa akingoja tangu alfajiri. Alipuliza.

Apolena aliona masharubu yakisogea. Hakusikia hata herufi moja. Alihisi tu mlio ukimwingia mgongoni na kutokea tumboni. Halafu masharubu yakatulia, na yale macho mawili ya buluu yaliyochoka yakabaki yakimngoja. Kumbe ameulizwa kitu. Mtu mzima akimtazama mwanamke mwenye tumbo vile, atauliza nini? Apolena akakusanya sauti yake yote na kujibu, "Watatu, Mtukufu, na wa nne yumo njiani."

Kaizari alimeza mkate. Kisha akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari nzito anayohitaji kwenda kuifikiria, akapanda ngazi, na garimoshi likaondoka. Meya alibaki na hotuba yake mfukoni.

Moshi haujatawanyika, watu wakamzunguka Apolena.

"Amesemaje? Mama Rozalie, amesemaje?"

"Sijui. Sikusikia kitu. Muulizeni huyu mume wangu na bomba lake."

"Usitufanye watoto. Tumekuona ukimjibu."

"Nilikisia tu. Na hata kama ningesikia, huenda alisema Kijerumani, na mimi Kijerumani changu ni cha kuuzia mkate."

Wakatazamana. Mtu gani duniani anamjibu Kaizari kwa kukisia? Ilionekana wazi kwamba ameambiwa jambo na hataki kulisema. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini. Mwenye duka la nyuzi alisema amesikia kwa masikio yake Apolena akitaja "watatu na wa nne njiani," na kabla ya chakula cha jioni nusu ya mji ilikuwa na hakika kwamba ni wajumbe wa serikali wanaokuja kukagua vitabu vya halmashauri: watatu wameshafika kwa siri, wa nne yuko safarini.

Aliyelala vibaya kuliko wote ni meya. Siku iliyofuata alikuja dukani, akanunua mikate mitamu ya plamu mingi kuliko familia yake ingeweza kumaliza, akajikohoza.

"Dada Apolena, mimi na wewe tumecheza pamoja utotoni. Niambie tu. Alisema kitu kuhusu daraja?"

Apolena alikuwa amebana ufito wa kusukumia unga kwapani, na kitu kikamwasha puani, akakunja uso ili asipige chafya. Meya akauona ule uso.

"Basi, basi. Nimeelewa," akasema, akaondoka bila hata kuchukua mikate yake. Wiki haikuisha, daraja la mto, lililokuwa limekaa na tundu tangu Rozalie ananyonya, likawa linapigiliwa mbao mpya.

Jioni daraja lilipokamilika, Apolena alikaa kitako mbele ya mumewe. "Vavrinec, mimi sijasema uongo wowote."

"Hujasema," Vavrinec alikubali.

"Na daraja limetengenezwa."

"Limetengenezwa."

Akawaza kidogo. "Basi ningesema neno moja dogo, mji huu ungekuwa mbali."

Alianza akiona haya. Ndugu wawili, Havel na Simeon, walikuwa wamepigania mti wa mpeasi uliokuwa mpakani mwao mpaka wakafikia kurushiana peasi usiku na mchana. Apolena akawaambia, huku akiwapimia mkate, kwamba kuna mtu mmoja mkubwa, hatamtaja, anayechukizwa sana na ndugu wanaogombea matunda. Wakagawana. Kisha kelele za kilabuni zikapungua, kwa kuwa Kaizari huamka kabla ya jogoo na hapendi watu wanaolala wamechelewa. Padri Metodej naye alifupisha mahubiri yake ya Jumapili baada ya kusikia jinsi Kaizari alivyoondoka bila kungoja hotuba. Na hili, Apolena alijitetea moyoni, lilikuwa kweli tupu.

Miaka ikaenda. Mtoto wa nne akazaliwa, akatambaa, akaanza shule chini ya picha mpya yenye kipara zaidi. Kutoka Vienna zilikuja habari mbaya juu ya mbaya: Kaizari amefiwa na mwana, kisha mke ameuawa ugenini. Apolena aliwasha mshumaa kwa kila mmoja, kama anavyofanya jirani. "Maskini," alisema, "ana majumba mengi na hakuna la kwenda kulia." Na watu waliinamisha vichwa, kwa sababu aliyesema hivyo ni mtu aliyewahi kuongea naye.

Ila kuna siku alivuka mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa nyumbani kwake. Rozalie alikuwa amekua, na alimpenda Prokop, fundi viatu, kijana mwembamba mwenye adabu. Vavrinec, ambaye hakuwahi kukataa kitu maishani, alikataa.

"Ana kasoro gani?" aliuliza Apolena.

"Anapiga fidla."

"Na hiyo ni kasoro?"

"Akiwa chumba cha pili husikii kama yumo."

Apolena alimbembeleza, akamnunia, akampikia bata bukini na kabichi. Vavrinec alikula bata wote na hakubadilika. Mwishowe Apolena akavuta pumzi. "Basi nilikuwa sijakwambia. Kaizari alisema binti zangu waolewe na watu wenye kazi ya mikono."

Vavrinec alikiweka kijiko chini. "Nilikuwepo, mke wangu. Nilikuwa nyuma yako."

"Ulikuwa unapuliza."

"Ndiyo. Nilipuliza ubeti mmoja." Alifikiri, akihesabu kitu kwa kidole mezani, kama anayepiga mapigo ya wimbo. "Ubeti ule si mrefu. Na kwa muda ule yule mzee amesema habari za daraja, na za mpeasi, na za kilabu, na za padri, na sasa za binti yangu. Na mkate alikuwa nao mdomoni."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa Vavrinec, na Apolena aliona haya ya kweli. Akamwambia, "Sawa. Ni mimi ninayesema. Rozalie anampenda, na mimi nampenda, na wewe usikie."

"Sasa hilo nimelisikia," alisema Vavrinec. Harusi ikafungwa vuli ile. Prokop alipiga fidla, mkwewe akapiga tarumbeta, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba fidla ilipigwa.

Mambo yangeendelea hivyo kama asingehamia Jalovany mtu aitwaye Kapteni Trnka. Huyu alikuwa mstaafu, mrefu, mwembamba kama ufagio, amekuja kuishi na dada yake mjane. Haukupita muda ikajulikana kwamba alitumikia miaka mingi katika msafara wa Kaizari. Na siku ile ya mkate na chumvi, pale stesheni, ofisa aliyeshuka wa kwanza nyuma ya Kaizari, aliyesimama karibu naye kama kivuli, ni yeye.

Meya Hostinek alipopata habari alikaribia kucheza. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejenga daraja, amezibua mitaro, amepanda miti ya kivuli barabarani, yote kwa hofu ya maneno asiyoyajua. Akaalika mji mzima kilabuni Jumapili, kwa heshima ya kapteni, alivyosema. Lakini kila mtu alijua heshima hiyo inamlenga nani.

Jumamosi nzima Apolena alioka. Mtu mwenye hofu hupoteza usingizi. Yeye alipoteza unga. Jumapili aliingia kilabuni amebeba sinia la mikate mitamu ya plamu na ya mbegu za mpopi, akaiweka mbele ya kapteni bila kumtazama, akaenda kukaa pembeni na Vavrinec.

Kapteni Trnka alikula mmoja. Akala wa pili. Alikula kama mtu aliyetoka kifungoni, akikusanya hata makombo kwa kidole chenye mate. Meya alingoja mpaka hakuweza kungoja.

"Kapteni, mji huu umekaa na kitendawili. Mama yule pale, Mtukufu alimwambia nini?"

Kapteni alimaliza kutafuna. Alimtazama Apolena, akalitazama sinia, akamtazama tena Apolena.

"Bwana Meya," alisema, "mimi niliapa kiapo. Yale Mtukufu aliyomwambia mama huyu si ya kurudiwa kilabuni." Akachukua mkate mwingine. "Ninachoweza kusema ni kwamba mama ameyatunza vizuri."

Minong'ono ikapita chumba kizima kama upepo kwenye shayiri. Meya aliagiza pombe kali ya plamu na kuimaliza kwa mkupuo. Kesho yake alianza kushughulikia taa za barabarani.

Apolena alimfuata kapteni nje, akamshika mkono wa koti.

"Baba, nakushukuru. Lakini mimi na wewe tu hapa. Alisema nini?"

"Mama yangu," alisema kapteni, "sikio hili la kushoto liliuawa na mizinga. Hili la kulia lilikuwa upande wa yule bwana mwenye tarumbeta."

Apolena akaketi kwenye ngazi ya kilabu. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na kapteni akaketi kando yake, akaanza kucheka pia, kicheko kikavu cha mtu ambaye hakukitumia kwa muda mrefu.

"Watu huniuliza Kaizari ni mtu gani," alisema baadaye akijifuta macho. "Nimemfuata maisha yangu yote. Mgongo wake naweza kukueleza vizuri sana. Bega la kushoto limeshuka kidogo. Kola huwa imebana. Uso wake nauona kwenye stempu, kama wewe."

"Na chakula cha ikulu? Maana ulivyokula mikate yangu nilitaka kulia."

"Anahudumiwa yeye kwanza, na anakula upesi. Akiweka uma chini, sahani za wote zinaondolewa. Mimi nilikaa mwisho wa meza. Nimeona nyama nyingi nzuri ikinipita."

Tangu siku hiyo kapteni alikuwa mgeni wa kila Jumapili kwa akina Kubata. Vavrinec alimpenda kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyeweza kukaa karibu na tarumbeta bila kusogea.

Kisha ikaja vita kubwa. Wanaume wa bendi walichukuliwa mmoja mmoja, Prokop akaenda, na mtoto wa nne, yule aliyetajwa stesheni kabla hajazaliwa, akaenda pia. Apolena alisimama kwenye stesheni ile ile na hakuwa na neno la Kaizari la kumpa mtu yeyote. Mwanamke mmoja alimwuliza kama mzee yule aliwahi kumdokeza chochote kuhusu vita. Apolena alisema hapana, na kwa mara ya kwanza aliaminiwa papo hapo.

Kaizari alifariki mwezi wa Novemba, vita ikiwa katikati. Apolena aliletewa habari mikono yake ikiwa ndani ya unga, unga wenyewe umechanganywa na viazi na kitu kingine ambacho serikali haikukitaja. Alishangaa kuona machozi yanadondoka kwenye kinyunya.

"Sijui namlilia nini," alimwambia mumewe. "Amekula mguu wa baba. Amenichukulia mwanangu. Hata salamu yake sikuisikia."

Vavrinec alimfuta pua kwa leso yake, polepole. "Alikuwepo siku zote," alisema. "Kama kabati."

Vuli iliyofuata, msimu wa plamu, jeshi lilituma watu kukusanya shaba za kuyeyushia mizinga. Kengele za kanisa zilishaondoka. Sasa walitaka vyombo vya jikoni. Sajenti mmoja mwenye mafua na askari wawili waliokonda wakafika kwa Apolena na mkokoteni, wakalikuta sufuria lake kubwa la shaba, la jamu, liko motoni.

Akajaribu dawa ya zamani. "Sajenti, Kaizari mwenyewe aliniambia kwamba sufuria la mwoka mikate..."

"Kaizari yupi, bibi?" aliuliza sajenti, akipenga kamasi. "Yule ameshazikwa. Huyu mpya anataka shaba."

Mkono wa Apolena haukuacha kukoroga. Akamtazama sajenti, akaona jinsi pua yake, pamoja na mafua yote, inavyoelekea kwenye sufuria.

"Basi chukueni," alisema. "Lakini jamu imo. Mkiimwaga ni dhambi, na kuipakua bado haijaiva. Jamu ya plamu haiachwi dakika, ukiiacha inashika chini. Na mkono wangu umechoka. Wewe mrefu, shika hapa. Si hivyo, zungusha mpaka chini. Na wewe leta kuni."

"Kwa amri ya nani?" aliuliza sajenti, lakini alikuwa ameshavua kofia.

"Yangu. Apolena Kubatova, mke wa Kubata. Kaa hapo, mvuke huu utakufungua pua."

Wakakoroga kwa zamu mchana kutwa. Kila jua liliposogea dirisha moja, sajenti aliuliza kama imeiva, na Apolena aliionja, akafikiri, akasema bado. Akawaonjesha na wao ili wahakikishe. Wakahakikisha kwa vijiko, kisha kwa mkate. Yule mrefu alimsimulia habari za mama yake huko Haná, anayeweka mdalasini. Apolena akamwambia mama yake ana akili ila mdalasini wa siku hizi ni gome tu. Garimoshi la jioni lilipopiga filimbi, sajenti aliruka, akalitazama sufuria lililojaa mpaka shingoni likitoa mapovu, akawatazama vijana wake wenye midevu ya zambarau ya jamu.

"Nitaandika kwamba lilikuwa limetoboka," alisema.

"Andika vyovyote," alisema Apolena, akimfungia mtungi wa jamu kwenye kitambaa. "Na hicho kifua ukipake mafuta ya bata bukini ukilala."

Walipotoka alimwita mumewe aje ashike mwiko, kwa sababu jamu, kusema kweli, ilikuwa haijaiva bado.